Kichupa cha Saba

Wanangu, barua ya kustaafu nilipewa mimi; miguu yangu haikupewa nakala. Alfajiri nikishasali nnajikuta niko ukumbini, nshavaa viatu, nautazama mlango. Mume wangu, Abdalla, hucheka. "Riziki, unakwenda wapi? Kima wako wana watu wengine sasa." Nakaa. Nainuka. Napanga vyombo vilivyokwisha pangwa. Nyumba yetu ya hapa Kiembe Samaki iko karibu na uwanja wa ndege, na kila ndege ikiruka nahisi kama kuna kitu nakichelewa. Basi nimeona badala ya kuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, bora niwaandikie nyinyi mnaoingia kazini leo. Mkiona naruka huku na huku, mnistahamilie. Ndivyo nilivyo.

Kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini ilikuwa kuokota mavi ya kima punju.

Nshalisema, limekwisha. Kwenye ripoti mtaandika "sampuli za kinyesi", na mtapendeza. Mama yangu kule Chwaka, Mungu amrehemu, hakulikubali jina hili wala lile. Jirani akimuuliza binti yako anafanya kazi gani, hujibu, "Yuko serikalini." Akiulizwa serikalini wapi, hugeuza maneno: "Hivi mwani wenu ushakauka?" Siku moja tuko peke yetu akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari ya ugonjwa, "Riziki, nimekusomesha miaka yote ile, kumbe ukaokote?"

Nikamweleza. Kima punju, yule mwekundu mgongoni mwenye nywele nyeupe zilizosimama kichwani kama aliyeshtuliwa usingizini, hana kwao kwingine duniani ila hapa kwetu. Zamani misitu ilishikana. Leo kuna msitu mkubwa wa Jozani upande wa kusini, na vipande vya msitu upande wa Pongwe na Kiwengwa, na katikati ni mashamba, barabara na nyumba. Tulitaka kujua jambo moja tu: hawa wa kusini na wale wa kaskazini, bado wanaoana? Maana kundi likikatwa likabaki peke yake, mwisho huzaana ndugu kwa ndugu, na ugonjwa mmoja ukiingia unawafagia wote.

"Sasa kima utamuulizaje?" mama akasema.

Ndipo nikamwambia habari ya kinyesi. Kikipita tumboni, hutoka na chembechembe za utumbo zimeganda juu yake, na kila chembe imebeba vinasaba vya mwenyewe. Neno lenyewe limetoka kwenye nasaba. Mama alilidaka papo hapo, maana Mzanzibari gani asiyejua nasaba? Watu wawili hawajamaliza kuamkiana, washaulizana wewe wa nani.

"Kumbe mnamuuliza mtoto wa nani."

"Ndiyo, mama."

"Na anayehama kwao nani? Dume au jike?"

"Kwa punju, mara nyingi jike."

Akacheka mpaka akafuta macho. "Kama wewe ulivyoolewa Kiembe Samaki." Tangu siku ile hakunisema tena, ingawa kwa jirani niliendelea kuwa "serikalini".

Aliyenifundisha kazi hakuwa mwalimu wa darasani. Alikuwa mlinzi wa msitu, Mzee Vuai, mtu mfupi, mkavu, anayetembea juu ya mawe makali ya uwandani, nchi yetu ya mawe na vichaka, kama anatembea juu ya mkeka. Wiki yangu ya kwanza nilisimama chini ya mti nikiinua uso kuwaangalia kima. Wakaniangalia na wao. Halafu mmoja akanimwagia yote aliyokuwa nayo, juu ya mtandio mpya.

"Hongera," Mzee Vuai alisema. "Wengine huwachukua mwezi kupata sampuli ya mwanzo."

Alinifundisha kwamba punju akiamka asubuhi haondoki kwenye mti wa kulala mpaka ajisaidie kwanza, kwa hiyo ukichelewa umepoteza siku. Alinifundisha kusimama pembeni na kusikiliza. Tone likilia kwenye majani makavu, usikimbie. Akianza mmoja, wenzake humfuata. Weka jicho pale kilipoangukia, si kwa kima. Chukua vijiti viwili, ukwangue ngozi ya juu tu, maana cha ndani ni majani matupu. Badilisha vijiti kila unapokwangua. Na usirudie mnyama yule yule kwa sababu tu amekuwa mkarimu.

Nilikosea sana. Kuna safari nilijaza vichupa kumi vya kinyesi cheusi, kizuri, kigumu, nikajiona bingwa. Maabara wakajibu hawakupata kitu. Kumbe kundi lile lilikuwa jirani na mashamba, na kima wale wana tabia ya kuingia jikoni kwa watu kuiba makaa wakayatafuna. Nilikuwa nimewapelekea makaa. Mzee Vuai alinicheka mwaka mzima.

Mkubwa wetu wa utafiti alikuwa Dokta Neema, mtu wa bara, mrefu, mpole wa maneno. Kabla ya kuja kwetu aliwahi kufanya kazi kama hii hii katika nchi za baridi, kwa dubu. Huko hawaokoti kinyesi tu. Wanazungusha waya wenye miba porini, katikati wanamwaga kitu kinachonuka samaki waliooza. Dubu anapita chini ya waya kufuata harufu, waya unamnyofoa manyoya mawili matatu, naye hana habari. Kwa manyoya yale wanajua dubu wa mlima huu ni ndugu wa mlima ule au barabara imewatenga.

Mzee Vuai alisikiliza mpaka mwisho. "Dubu ndiyo nini?"

"Mnyama mkubwa kama fahali, Mzee. Ana manyoya mwili mzima. Anapenda samaki."

"Basi msimlete Chwaka," akasema Mzee Vuai. "Samaki wenyewe hawatutoshi."

Sasa nifike pale ninapopakwepa. Nshainuka mara mbili tangu nianze ukurasa huu, mara moja kuzima jiko ambalo halijawashwa.

Mwaka ule tulikusanya kusini siku za mwanzo wa wiki, halafu tukaenda kaskazini. Vichupa vyote vilikuwa ndani ya deli moja la barafu, kila kimoja kina spiriti ya kuhifadhi. Siku ya kaskazini ilinyesha mvua, kinyesi kikaoshwa, tukaambulia kidogo tu. Tuliporudi ofisini alasiri nikafungua deli, harufu ya spiriti ikanipiga puani. Kifuniko kimoja hakikukazwa. Spiriti imemwagika, na vichupa vitatu vimefutika maandishi. Nilikuwa nimeandika kwa maka peni. Spiriti haili kitu duniani kama inavyokula wino wa maka peni. Andikeni kwa penseli, wanangu. Na ndani ya kichupa tieni kikaratasi cha pili, nacho cha penseli.

Nilipaswa kuvitupa vile vitatu. Lakini kila kichupa kilikuwa ni asubuhi moja ya kusimama kwenye mbu. Nikavitazama jinsi vilivyokaa ndani ya deli, nikajiambia, hiki kilikuwa pembeni, cha kusini. Hiki cha kusini. Na hiki, kilikuwa juu, cha kaskazini. Nikaviandika upya. Sikumwambia mtu. Haikuwa hata siri. Niliona ni kazi ya kawaida.

Majibu yalipokuja baada ya miezi, Dokta Neema alipiga meza kwa furaha. Kule kaskazini ametokea mnyama mmoja ambaye nasaba yake ni ya kusini kabisa. Maana yake kuna anayevuka! Ramani ikafunguliwa. Njia iliyoonekana ni moja tu: kile kichaka cha uwandani nyuma ya Chwaka, kilichobaki kama mkanda kati ya mashamba. Kikikatwa, ndiyo basi.

Na kichaka kile kilikuwa cha kaka yangu.

Kaka Makame ndiye mkubwa wetu. Alikuwa akichoma chokaa. Tanuri la chokaa linakula kuni kama moto wa Jahanamu, na kuni zake zilitoka kichakani mule. Tulikwenda Chwaka, tukafanya mkutano kwenye skuli, nikasimama mbele ya watu niliokua nao nikasema kwa kinywa changu kwamba kima wanapita pale na sisi tuna ushahidi. Kaka hakubisha. Jioni nilimkuta anabomoa tanuri kwa mtaimbo.

"Kaka, si lazima ulivunje."

"Likisimama nitalitamani," akasema. "Wewe umesoma. Ukisema wanapita, wanapita." Akaanza kwenda kuvua pweza na wenzake, akiwa na umri ule, na goti bovu.

Miezi minane ikapita. Tulihamisha kabati la ofisi, nami nikawa napanga madaftari ya zamani. Nikafungua la mwaka ule, nikatua siku ya mvua kaskazini. Kwa mwandiko wangu mwenyewe niliandika: tumepata sita. Nikachukua orodha ya maabara. Siku ile ile, mahali pale pale, vichupa saba.

Nikahesabu tena. Nikahesabu kwa kidole. Kile cha saba kilikuwa kimoja kati ya vile vilivyofutika. Kilikuwa cha kusini, mimi nikakipa kaskazini. Hakuna kima aliyevuka. Mimi ndiye niliyemvusha, kwa kalamu.

Siku tatu sikula vizuri. Abdalla aliuliza naumwa nini, nikasema tumbo. Akili yangu ilikuwa ikinitafutia mlango: kichaka kimebaki, ndege wanakaa, paa wanajificha, uongo huu umemdhuru nani? Siku ya tatu nilikwenda sokoni Darajani, sina ninachonunua, nikamkuta Mzee Vuai kwenye duka la vyuma anachagua tupa ya kunolea panga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

Nikamwambia pale pale, watu wakitupita na mikokoteni. Alisikiliza huku anapitisha kidole kwenye meno ya tupa. Nikamaliza kwa kusema, "Lakini Mzee, kichaka kimesalimika. Kima wanafaidika."

"Kima hajui kama umekosea," akasema. "Kaka yako anajua kama amevunja tanuri." Akamlipa mwenye duka, akaenda zake. Hakuniaga.

Nilikwenda kwa Dokta Neema nikiwa na daftari kifuani. Alilisoma, akaisoma orodha, akavua miwani.

"Bi Riziki, nani mwengine anajua?"

"Mzee Vuai."

"Kaka yako?"

"Bado."

Akalifunga daftari. Halafu akasema, "Tungeweza kusema sampuli moja ilikuwa mbovu, tukaiondoa taratibu kwenye ripoti ijayo. Watu wanafanya hivyo." Akajijibu mwenyewe. "Lakini kule watu wameamua maisha yao kwa neno letu. Mimi nitaandika barua kwa wote niliowapelekea matokeo. Chwaka nitakwenda nikawaambie."

"Chwaka nitasema mimi."

Skuli ile ile, madawati yale yale. Sheha, mkubwa wa mji, alifungua mkutano kwa dua, akanipa nafasi. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yalinikimbia. Nikasema: "Niliwaambia kima wanavuka kichakani. Hatuna ushahidi huo. Nilichanganya vichupa, nikaandika kwa kukisia. Kosa ni langu, si la Dokta, si la mtu mwengine."

Sheha akauliza, "Kwa hiyo hawavuki?"

"Hatujui, Sheha. Huenda wanavuka, huenda hawavuki. Ninachojua ni kwamba sijui."

Kaka Makame alikuwa ameketi mstari wa nyuma, mguu wenye goti bovu ameunyoosha. Aliinuka polepole.

"Nilivunja tanuri," akasema.

"Najua, kaka."

"Hujui." Akatoka.

Wiki ya pili alianza kulijenga upya. Nilipita nikaliona, jiwe juu ya jiwe, naye hakuinua kichwa. Kichaka kikaanza kuliwa upande wa barabara. Kila nilipokwenda Chwaka kumzuru mama niliusikia mlio wa shoka, na kila shoka likilia nilijua mimi ndiye niliyelirudisha. Kuna wenzangu ofisini walioniambia waziwazi kwamba nimeua kichaka kwa ajili ya kutaka kuisafisha nafsi yangu. Nafahamu tu kwamba kama ningenyamaza, kila neno nililolisema baadaye lingekuwa limesimama juu ya kichupa kile.

Mimi niliondolewa kwenye vichupa na karatasi, nikarudishwa msituni kuokota tu, chini ya mtu mwenye nusu ya umri wangu. Sikulalamika. Nilitembea kama mwenye wazimu. Tulianza upya kabisa, kusini na kaskazini, kila sampuli ikiandikwa na mmoja na kusomwa na mwengine. Na kwa kuwa sikuweza kutulia, siku zangu za mapumziko nilizunguka pembezoni mwa ghuba ya Chwaka, pale mikoko inapokutana na msitu mkubwa. Mzee Vuai alikuwa ameshastaafu lakini alikuja, ati ananyoosha miguu. Ndiye aliyenishika mkono asubuhi moja, maji yamekupwa, akanionesha juu ya mzizi wa mkoko kinyesi kibichi. Punju huingia mikokoni kula majani, hilo tulilijua. Hatukuwahi kufikiri kuufuata ukanda wa mikoko mpaka unakomalizikia, upande wa kaskazini.

Tuliufuata. Misimu miwili ya matope mpaka magotini; viatu nilivyoviacha mule sivihesabu. Na katika mwaka wangu wa mwisho wa kazi Dokta Neema alinipigia simu. Sauti yake haikuwa ya kupiga meza. Ilikuwa ya mtu anayetembea juu ya yai.

"Bi Riziki, kuna jike mmoja kaskazini. Mama yake tunaye kwenye orodha ya kusini. Na yeye mwenyewe tulimpata katikati, mikokoni, msimu uliopita. Maabara mbili zimempima, kila moja kwa sampuli yake."

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Nikamwambia arudie tena.

Basi tukarudi skuli. Safari hii maneno yalikuwa ya kuomba: wakata boriti na wachoma chokaa wauache ukanda wa mikoko mwisho wa ghuba. Nilipomaliza kusema, mtu mmoja akapaza sauti kutoka dirishani, "Mwaka ule mlisema kichakani. Leo mikokoni. Kesho mtasema wanapita chumbani kwangu!" Skuli nzima ikacheka, na mimi sikumlaumu. Nilisimama pale na karatasi mkononi, nikijua kwamba sina haki ya kuwataka waniamini.

Kaka Makame akainuka. Tulikuwa hatujasemezana karibu miaka mitatu, ila salamu za misibani. Kuni zake nyingi sasa zilikuwa zinatoka mikokoni, kila mtu alijua. Kicheko kikafifia.

"Huyu mdogo wangu," akasema, "alinivunjisha tanuri. Halafu alikuja hapa hapa, hakuitwa na mtu, akasema amekosea. Nilimkasirikia na bado sijamaliza." Akawageukia waliocheka. "Lakini hebu niambieni, ni nani mwengine aliyewahi kuja hapa Chwaka na karatasi, kisha akarudi kutuambia karatasi ile haikuwa kweli? Mimi simjui. Huyu akisema hajui, ujue hajui. Na leo amesema anajua. Mimi mkoko wa kule sitaugusa."

"Na kichaka?" Sheha akauliza.

"Kichaka ni changu, nitakikata. Hajasema wanapita kichakani."

Wanangu, sikuletewa ushindi mwengine zaidi ya huo, na haukuwa mzima. Wengine waliridhia siku ile, wengine walitoka wakinung'unika, na wapo wanaokata mpaka leo. Kundi la kaskazini lina mgeni mmoja wa kike ambaye tuna yakini naye, na mgeni mmoja hatoshi. Nendeni mkatafute wa pili. Na mkikosea, maana mtakosea, semeni mapema, na msemee pale pale mlipoanza kusema.

Siku ile ya mkutano nilitoka nje nikamkuta kaka amesimama na baiskeli yake, ananisubiri bila ya kutaka ionekane ananisubiri.

"Usidhani nimesahau," akasema.

"Sidhani, kaka."

"Wifi yako amepika pweza wa nazi. Twende, anapoa."

Nikakamata kiti cha nyuma cha baiskeli, tukaikokota pamoja, yeye mbele mimi nyuma, taratibu kwa ajili ya goti lake.